Siti, Jina la Kupewa Ukubwani

Majina mengi ya wasichana wa pwani huja siku ya saba, pamoja na wembe wa kunyolea nywele za uchanga na mbuzi wa akika. Babu au shangazi hutaja jina, wazazi huitikia, na mtoto huanza maisha akiwa Asha, Zuhura au Mwanahamisi. Siti halikuanza hivyo. Lilianza kama namna ya kumwita mwanamke ambaye amekwisha kuwa mtu mbele za watu: mwenye nyumba, mwenye elimu, mwenye mali, au binti wa wakubwa. Mwanamke hakujiita Siti, aliitwa.

Hali ya jina hili katika nchi zetu ni ya ajabu. Pitia daftari la mahudhurio la shule ya msingi Unguja, Tanga au Mombasa, utawakuta akina Fatma kwa wingi, akina Zainabu, akina Rehema na Mwanaidi, na huenda ukafika mwisho wa ukurasa bila kukutana na Siti hata mmoja. Lakini mtaje Siti kwa mwalimu mwenye daftari hilo, kwa mpishi wa shule, kwa muuza maandazi aliye nje ya lango, na wote watakuambia wanamjua. Watakuwa wanamzungumzia mwanamke mmoja tu, Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji aliyefariki mwaka 1950. Majina adimu kwa kawaida hayajulikani. Hili linajulikana na kila mtu, na bado wazazi hulipita wanapochagua jina la mtoto. Nimelitengea sura nzima kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu naamini historia yake inaeleza jambo kubwa kuhusu nani katika pwani yetu aliruhusiwa kuitwa bibi.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, ila si Kiarabu cha vitabuni. Vitabuni bibi wa heshima ni sayyida, na anayemwita kwa kumtukuza husema sayyidati, bibi yangu. Midomo ya watu wa Misri na Shamu, kwa kulitamka neno hilo asubuhi na jioni, ililipunguza hadi likabaki sitti. Wanasarufi walinuna. Kwao lilikuwa kosa la watu wa sokoni, na mtu mwenye elimu hakutarajiwa kulitia katika maandishi.

Bahaa al-Din Zuhayr, mshairi aliyefia Kairo mwaka 1258, alilitia makusudi. Katika shairi la mapenzi alimwita mpenzi wake kwa neno hilohilo, akijua fika kwamba mabingwa wa lugha watamtazama kwa jicho baya. Utetezi wake ulikuwa mtamu. Kwa Kiarabu sitti inaweza kusikika pia kama “sita zangu”, naye akadai kwamba binti huyo amezitawala pande zake zote sita: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Kama ni hivyo, kosa liko wapi? Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mchezo huo, kwani sita yetu imetoka katika hesabu ileile.

Wakati Zuhayr anabishana na wanasarufi, neno lilikuwa limekwisha kuingia katika majumba ya watawala na kukaa humo zaidi ya karne mbili. Sitt al-Mulk, Bibi wa Ufalme, alizaliwa mwaka 970 katika ukoo wa makhalifa wa Kifatimi. Ndugu yake, Khalifa al-Hakim, alipotoweka usiku mmoja wa mwaka 1021, ni yeye aliyeshika hatamu za dola kwa niaba ya mpwa wake mpaka alipofariki mwaka 1023. Sitt al-Sham, dada yake Salahuddin, alijenga madrasa Dameski na akafariki mwaka 1220. Hawa walikuwa wanawake wa kasri, waliozaliwa tayari wakiwa juu. Lakini neno halikubaki kasrini. Hadi leo mama wa nyumba wa Kimisri ni sitt, na Mpalestina humwita bibi yake mzaa mama au mzaa baba sitti. Katika karne ya 20 Wamisri walilichukua neno hilohilo la kila siku wakalifanya kilemba cha mtu mmoja. Umm Kulthum, mtoto wa imamu wa kijiji cha Delta, aliyekuja mjini akiimba kasida na akaondoka duniani tarehe 3 Februari 1975 akiwa sauti kuu ya Waarabu, alijulikana kwa watu wake kama al-Sitt. Jina la pili halikuhitajika. Nawaomba wasomaji wamkumbuke tutakapofika Unguja, maana wanawake wawili waliotoka vijijini katika zama karibu zilezile, kila mmoja kwa sauti yake, walipewa cheo kimoja katika miji miwili iliyotengana kwa maelfu ya maili.

Upande wa pili wa Bahari ya Hindi jina lilifanikiwa kupita kiasi. Wajava na Wamalei waliwatukuza wanawake watakatifu kwa kuwatanguliza na neno hili, Siti Hawa, Siti Hajar, Siti Khadijah, Siti Maryam, kisha wakawapa binti zao heshima hiyohiyo. Siti Walidah alikuwa miongoni mwa waasisi wa Aisyiyah, jumuiya ya wanawake Waislamu wa Indonesia iliyoanzishwa mwaka 1917. Siti Nurbaya ni msichana aliyeozwa kwa deni katika riwaya ya Marah Rusli ya mwaka 1922, na jina lake limegeuka methali ya ndoa za kulazimishwa. Siti Nurhaliza, mwimbaji wa Malaysia aliyezaliwa mwaka 1979, hujaza kumbi mpaka leo. Huko Siti ni mlango wa jina, jina lenyewe hufuata nyuma yake, na anayeita “Siti!” penye wasichana wengi ajue vichwa kadhaa vitageuka.

Kwa nini basi lilistawi Java likadumaa Lamu? Si kwa kukosa wabebaji. Masharifu wa Hadhramaut waliokwenda mashariki na waliokuja kwetu walikuwa ukoo mmoja. Jamal al-Layl waliotawala Perlis, Malaysia, na Habib Swaleh Jamal al-Layl aliyeasisi Msikiti wa Riyadha mjini Lamu wana nasaba ileile. Merikebu zilikuwa zile, pepo za msimu zilikuwa zile, na vitabu vya dini vilikuwa vile.

Jibu langu ni kwamba kwetu nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Pwani ilikuwa na neno lake la kumtangulizia bibi wa heshima, nalo ni Mwana. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipotunga utendi wake mwaka 1858, aliutunga kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima; mama ni Mwana na binti ni Mwana, na hakuna msikilizaji wa zama zile aliyeelewa kwamba maana yake ni mtoto. Neno hilo lilishikamana na majina kwa nguvu hata tukapata Mwanaisha, Mwanakombo, Mwanahawa na Mwanahamisi, majina ambayo mgeni huyasoma kama neno moja. Sitti ilipofika na jahazi, kazi ambayo Wajava waliipa ilikuwa kwetu inafanywa na mwenyeji asiyekuwa na haja ya msaidizi. Ilibaki jina la mmojammoja, la hapa na pale, lenye harufu ya ugeni na ya usomi. Visiwani Komoro ndiko lilikopata makao mazuri zaidi, na mpaka sasa wanawake wanaoitwa Sitti husikika huko kuliko Unguja.

Kulikuwa na sababu ya pili, na hii ina uchungu ndani yake. Unguja ya karne ya 19 ililigawa neno hili kwa tabaka. Kasri la Sayyid Said bin Sultan lililihifadhi umbo kamili la vitabuni: mabinti wa mfalme walikuwa Seyyida, kama Seyyida Salme aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye baadaye, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Kwa Kiswahili cha nyumbani waliitwa Bibi: Bibi Salme, Bibi Khole. Mtumwa naye alimwita mwenye kummiliki bibi. Neno la heshima lilikuwa pia neno la umiliki. Kumwita mwanamke bibi kulimaanisha kwamba mahali fulani yuko mtu aliye chini yake.

Walio chini walikuwa na majina ya aina nyingine. Mabwana waliwaita kwa siku, kwa vito, kwa manukato na kwa baraka walizojitakia wenyewe: Juma, Feruzi, Almasi, Ambari, Mabruki, Faraji. Misafara ya wapelelezi wa Kizungu Speke na Stanley imejaa majina hayo. Mtu alitoka kwao na jina lililotajwa na bibi yake mzaa mama, akafika pwani, akapewa jina la johari ambayo mwenye mali angependa kuwa nayo. Jina la baba lilipotea njiani.

Sasa tufike Fumba.

Fumba iko kusini mwa mji wa Zanzibar, kwenye rasi inayotazama visiwa vidogo, na wakati ninaouzungumzia ilikuwa nchi ya wakulima, wavuvi na wafinyanzi. Karibu mwaka 1880 alizaliwa huko mtoto wa kike. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi. Mama yake alikuwa Mzigua. Soko la watumwa la mjini lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali na ungeendelea hivyo mpaka amri ya tarehe 6 Aprili 1897. Mtoto akaitwa Mtumwa.

Naliandika jina hilo na kusimama kidogo. Lingali likisikika Unguja na Pemba, na ziko familia zinazolipokea kwa unyenyekevu, kama mtu asemavyo mja. Lakini kwa mtoto wa Saad, katika kijiji kile na mwaka ule, halikuwa na fumbo. Lilisema hali ya nyumba aliyozaliwa. Wengine walifichiwa hali hiyo nyuma ya almasi na ambari. Yeye aliambiwa waziwazi.

Mtumwa binti Saad alijifunza ufinyanzi kwa mama yake. Kazi hiyo haina mahali pa kuegemea uvivu: udongo huchimbwa, huchujwa mawe, hukandwa mpaka ulainike, hujengwa kwa mkono pete juu ya pete, hukaushwa kivulini usipasuke, kisha huchomwa. Vyungu na mitungi vilivyopona vilipakiwa kichwani na kupelekwa mjini kwa miguu. Muuzaji wa vyungu hutangaza bidhaa yake kwa sauti, na masimulizi yote ya maisha yake yanasema ni njiani humo, akinadi vyungu, watu walipoanza kuisikia sauti ile kabla hawajamwona mwenyewe. Aliolewa, akapata mtoto wa kike, ndoa haikudumu. Mwaka 1911 alihamia mjini, na mwaka huohuo Khalifa bin Harub akakalia kiti cha usultani ambacho angekikalia mpaka 1960.

Mji aliouingia ulikuwa umeshika muziki wake kwa mikono miwili usitoke kwa wakubwa. Taarabu ililetwa Unguja na Sultani Barghash, aliyemtuma Muhammad bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga ala ya kanuni ili kasri lipate burudani ya Kairo. Ilipigwa kwa Kiarabu, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuielewa lugha hiyo vizuri lakini waliijua hadhi yake. Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoundwa mwaka 1905, kiliifuata njia hiyo. Mwanamke kusimama na kuimba katika muziki huo, tena mwanamke wa shamba, mtoto wa watumwa, halikuwa jambo lililofikiriwa.

Alilifanya Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kazi. Alijifunza kusoma Kurani, akajifunza namna ya kuimba na ala, na akapata wenzake: Subeti bin Ambari, Mwalimu Shaaban Umbaye, Buda bin Swedi, na Mbaruku aliyekuwa haoni lakini alikuwa na ulimi mkali wa mashairi. Liangalie jina la Ambari lilivyokaa kwenye ukoo wa Subeti. Hawa walikuwa watu wa tabaka moja na Mtumwa binti Saad, wakikutana usiku nyumbani kwake, wakiimba kwa Kiswahili kile ambacho kasri liliimba kwa Kiarabu.

Na hapo ndipo mjini walipoacha kumwita Mtumwa. Wakamwita Siti.

Sijapata kuona mabadiliko ya jina yaliyobeba mzigo mkubwa kama huu katika historia ya pwani. Kila mtu aliyemwita kwa jina jipya alijua la zamani. Alijua kwamba Siti na Seyyida ni neno moja: moja limevaa vazi la kasri, lingine limechakaa kwa kutumika mitaani. Wangeweza kumwita Bibi, lakini Bibi lilikuwa limeshikwa na wamiliki. Wangeweza kumwita Mwana, lakini Mwana lilikuwa la waungwana wa Lamu na Pate wenye nasaba za kuhesabu. Siti lilikuwepo, la heshima kamili, lakini halikuwa mali ya ukoo wowote Unguja. Lile lile lililolifanya jina hili kuwa adimu kwetu, yaani kukosa wenyewe, ndilo lililoliwezesha kumfaa binti Saad. Naye hakulibadilisha jina la baba. Aliendelea kuwa binti Saad, Saad yuleyule wa Fumba, na watu walilazimika kuvitamka vyote viwili kwa pumzi moja.

Si wote waliofurahi. Walikuwepo waliomtungia mashairi ya kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, ile nguo nyeusi ya watumwa, na kusema asingekuwa na sauti asingekuwa mtu. Alijibu kwa wimbo, akiweka akili mbele ya sura na nasaba. Ukiyasoma majibizano hayo leo unaona wazi kwamba ugomvi ulikuwa juu ya cheo kile: huyu wa vyungu aitwe Siti kwa haki gani?

Nyimbo zake zilitoa jibu bora kuliko majibizano. Ule unaoitwa “Kijiti” unasimulia kesi ya kweli. Mwanamke aliyekuja kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, muuaji akatorokea bara, na waliotiwa hatiani wakawa wanawake waliosimama mahakamani kama mashahidi. Siti aliiimba habari hiyo kwa majina, na watu wa Ng'ambo wakapata hukumu ambayo mahakama haikuwapa. Mwanamke aliyeweza kusema hivyo mbele ya serikali ya kikoloni na kasri, na kesho yake akaalikwa kuimba kasrini humohumo, alikuwa na haki ya jina lake.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimsafirisha yeye na wenzake kwa meli hadi Bombay kurekodi santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Santuri ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na zilisikika mbali kupita mahali popote ambapo mguu wake ulifika: mikahawa ya Mombasa na Lamu, baraza za Komoro, maduka ya Tanganyika. Duara la karatasi katikati ya santuri, chini ya alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ndipo jina Siti lilipochapwa kwa wingi kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili. Mtu asiyejua hata herufi moja alilijua jina hilo, kwa sababu aliinunua santuri kwa kulitaja.

Hapo ndipo ungetegemea mlipuko. Mahali pengi duniani, mwimbaji akipata sifa namna hiyo, wodi za wazazi hujaa watoto wa jina lake. Kwetu haikuwa hivyo, na nadhani najua kwa nini.

Kwanza, pwani haichagui jina kwa kupenda sauti yake tu. Jina hurithiwa. Mtoto wa kike hupewa la bibi yake mzaa baba au mzaa mama, na wawili hao wakawa masomo: bibi humwita mjukuu somo yangu, humhifadhia kipande cha kanga, humtetea akitaka kuchapwa. Mkwe hawezi kulitamka jina la mama mkwe wake hovyo, kwa hiyo mtoto huyo huyo nyumbani huishia kuitwa Bibi, Bi Mdogo au Mama. Mpango huu huyafanya majina yazunguke baada ya kizazi kimoja kurukwa, na jina lisilokuwa na bibi wa kulirithisha halina pa kuingilia. Binti Saad alikuwa Siti wa kwanza katika ukoo wake. Familia nyingine zilizompenda hazikuwa na Siti wa kumrudisha.

Pili, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, alilijaza jina mpaka hapakubaki nafasi. Kumpa mtoto mchanga jina lile kulikuwa kumpa cheo ambacho mwenyewe alikipata kwa jasho, tena akiwa mtu mzima. Wazee wa pwani wana haya na mambo hayo. Tumeona hata kwa Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyekulia katika nyimbo za Siti na kufariki Aprili 2013 akiwa maarufu duniani kote. Hakuna anayemwita mtoto wake Kidude. Lakini Kidude ni jina la utani. Siti lilikuwa na kila sifa ya kurithiwa na likakingwa na heshima yenyewe.

Baada ya kifo chake tarehe 8 Julai 1950, heshima hiyo iliandikwa. Shaaban Robert alimtungia wasifu uliotoka mwaka 1958, mojawapo ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kuyasimulia maisha ya mwanamke wa kawaida tangu kuzaliwa kwake, na ukasomwa na wanafunzi wengi wa Tanzania. Wanawake waandishi wa habari walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao walilipa jina la Sauti ya Siti. Walikuwa wametafuta neno la mwanamke asemaye na asikilizwe, na lilikuwa tayari limewekwa. Tangu mwaka 1985 hadi 1995 mke wa Rais, Mama Sitti Mwinyi, alilibeba Ikulu likiwa na t mbili, kama Waarabu wanavyolitamka.

Tofauti hiyo ya tahajia inawashughulisha wazazi kuliko unavyodhani. Wenye kuandika Sitti hutaka jina lisimame mbali na siti ya basi. Neno la Kiingereza la kiti limeingia katika Kiswahili cha barabarani likiwa na sura ileile, na kondakta anayepiga kelele kwamba siti zipo hajui kwamba yumo abiria mwenye jina hilo. Watoto wenzake darasani wanajua. Nimewahi kuambiwa na mama mmoja kwamba alitaka kumrithisha binti yake jina la nyanya yake, akaghairi kwa hofu ya utani huo. Nilisikitika. Jina lililoshinda dharau ya kaniki lisingepaswa kushindwa na kiti cha daladala, na t ya pili inayoongezwa kwenye cheti cha kuzaliwa ni dawa ndogo inayotosha kabisa. Namshauri kila anayesitasita aitumie.

Wapo wasiositasita. Siti Muharam, kitukuu wa binti Saad, alitoa mwaka 2020 albamu iitwayo Siti of Unguja, akiziimba upya nyimbo za bibi yake mkuu pamoja na wanamuziki wa Zanzibar. Ndani ya ukoo mzunguko umefanya kazi yake: yuko bibi wa kurithiwa, na jina limepata mtoto.

Lakini kama unataka kulikuta jina hili likiishi bila kelele, usilitafute pwani. Panda treni uende Tabora, uende Kigoma. Njiani Mwana hukatwa na kuwa Mwa, kama katika Mwajuma na Mwahija, na huko bara wako akina Mwasiti, watoto kwa watu wazima. Mmoja wao, Mwasiti Almasi, tunamjua sote kwa nyimbo zake za Bongo Fleva. Mwasiti ni Mwana Siti. Vyeo viwili vilivyoshindana pwani, kimoja cha waungwana wa Pate na kingine kilichokuja na jahazi, vimeunganishwa katika jina moja la silabi tatu na watu waliokaa kwenye njia ileile ya misafara iliyoipita nchi ya Unyamwezi, nchi ya ukoo wa Saad.